Mzee Donatus na Mvua ya Kwanza

Mzee Donatus Maige anastaafu tarehe 30 Juni 1985, baada ya miaka ishirini na tatu ya kusimamia mitaro ya mvua mjini Kahama. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Haya, sikumfundisha. Nilimkuta ana miaka minne kazini, akanipa koleo, nikaanza kwa kuliegemea.

Wengi wanamjua kwa gambuti zake na kwa kuwanyima watu maji. Mvua ya kwanza ya mwaka ndiyo inayoufagia mji: kinyesi cha ng'ombe wa mnadani, oili ya gereji, na mengine ambayo jarida hili halitanikubalia kuyataja. Vyote vilishuka mtaroni hadi kwenye lambo tunamochota maji. Mwaka 1966 Mzee akatengeneza lango la mbao mwisho wa mtaro. Mvua ya kwanza ikinyesha analifunga, uchafu unageukia kwenye majani ya mbugani. Maji yakianza kung'aa, analifungua.

Novemba 1974, lambo lilikuwa limebaki tope. Mvua ikaja mchana, akafunga. Akina mama wakafika na ndoo, mbele yao mkewe, Mama Klara.

“Baba Klara, fungua. Ikikatika je?”

“Subiri yasafike kwanza.”

“Nasubiri. Na ugali wako usubiri.”

Ikakatika. Lamboni halikuingia hata kopo moja. Nilimficha Mzee kwenye stoo ya makoleo siku mbili, nikimpelekea michembe, viazi vile vya kukaushwa, na kuwaapia akina mama kwamba ameenda Ushetu. Siku ya tatu ilinyesha kutwa, Mzee akafungua lango, lambo likajaa maji safi. Msimu ule kwetu hakuharisha mtoto hata mmoja, na ugali ukarudi mezani.

Bwana Harish wa gereji naye alikubali kuweka pipa la oili chafu. Mzee hakumwandikia barua. Alikwenda kunywa chai kwake kila asubuhi, miezi mitatu, hadi Harish akaona pipa ni nafuu kuliko sukari.

Wabeja, asante sana, Baba Klara. Miguu yako imezoea maji, mpunga unaokwenda kulima Kagongwa hautakushinda. Sisi wa mitaroni tunakuombea afya na mavuno.

Ila lango nimeachiwa mimi, na fadhila ya stoo hujairudisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, panda basi uje usimame nami hadi maji yang'ae. Wakija na ndoo nikiwa peke yangu, nitafungua.