Utepe Mbele ya Dirisha la Kodi

Mheshimiwa Dwight Kessinger, Mwenyekiti wa Makamishna wa Kaunti yetu ya Marlow, Mheshimiwa Marlys Hoekstra, Mhazini wa Kaunti na mwenyeji wetu katika jengo hili jipya la vioo, Mchungaji Sandvik, uliyetuombea vizuri na kwa ufupi, makarani wote, ndugu wageni waalikwa mliopata viti, nanyi majirani zangu mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha: habari za asubuhi.

Kwa wasionijua, mimi ni Lyle Banta, mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Desturi ya hapa ni kwamba utepe wa kaunti hukatwa na mkuu wa zimamoto, na mkasi wenyewe ndio huu, mrefu kama mguu wa ndama na butu kiasi kwamba haukati hata siagi. Nimeombwa pia niseme maneno machache ya furaha: kwamba kuanzia leo kumbukumbu zote za kodi ya nyumba na mashamba zinaonekana kwenye mtandao, kwamba mtu atalipa akiwa jikoni kwake na kikombe cha kahawa mkononi, kwamba foleni imekuwa hadithi ya kale. Nimeandikiwa hata karatasi ya kusoma. Iko mfukoni, na itabaki huko huko. Nimekuja hapa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mnamwona yule mama aliyesimama karibu na mlingoti wa bendera, mwenye gauni la bluu, ameubana mkoba wake kwapani? Yule ni Bi. Odella Crabtree. Wengi wenu mmekula pai zake kwenye misiba yenu. Yeye na marehemu mumewe, Wendell, walilipa mkopo wa nyumba yao tangu wakiwa vijana mpaka nywele zikageuka rangi. Siku walipomaliza walifanya kama wazazi wetu walivyofanya: waliita majirani, wakaichoma karatasi ya mkopo uani, ndani ya ndoo ya bati. Mimi nilikuwapo na mpira wa maji, maana upepo ulikuwa mkali. Wendell akanishika bega, akaniambia, "Lyle, hata nikifa leo, nafia kwangu." Tulicheka sana. Kabla ya theluji kuanguka tulimzika.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa yeyote kati yetu angejikwaa. Miaka yote ile, kodi ya nyumba hiyo ililipwa na benki. Odella na Wendell walipeleka rejesho la mkopo kila mwezi, na ndani yake mlikuwa na fungu la kodi; bili ilikwenda benki, na benki ikalipa. Mkopo ulipokwisha, benki ikaacha kulipa. Lakini kaunti, kaunti yetu hii, ikaendelea kupeleka bili kule kule benki, na benki ikawa inazitupa. Nani alimwambia Odella? Benki? Kaunti? Au tulitaka aote usingizini? Yeye alijua amemaliza, kwa kuwa aliuona moto kwa macho yake.

Akaja kujua mwezi wa Agosti uliopita, alipomkuta mwanamume katikati ya nyanya zake akipima uzio.

"Nikusaidie nini, baba?" akamwuliza.

"Usijisumbue, mama. Naangalia tu mali yangu."

"Mali yako ipi? Hizo nyanya nimezipanda mimi."

"Ah, nyanya chukua, mama. Mimi nangojea nyumba."

Bwana huyo ni Corbin Yates. Msigeuze shingo kumtafuta. Yuko mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto. Kodi isipolipwa, kaunti huliuza deni lake mnadani; kazi yake yeye ni kuyanunua madeni hayo, kisha kusubiri mwenye nyumba ashindwe kuikomboa kabla ya muda kwisha, nyumba iwe yake. Sheria inamruhusu, nami sisemi kwamba ameivunja. Nasema tu kwamba turubai lililo juu ya vichwa vyenu limelipiwa na yeye, na keki ile pia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakujua kwamba siku moja kitakuja na keki.

Niliketi na Odella maktaba tuutafute huo ukweli kwenye mtandao mnaousifu. Tukaandika jina: hapana. Tukaandika barabara: hapana. Mtandao ukatuambia tuandike namba ya kiwanja. Tukapiga simu ofisi hii ya kodi kuuliza namba hiyo inapatikana wapi. Sauti ikajibu kwa upole kabisa, "Imeandikwa juu ya bili yako." Jamani! Ili uione bili sharti uwe na bili! Mheshimiwa Hoekstra, nakupongeza kwa dhati: umejenga nyumba ambayo mwanga unaingia kwa kila upande. Nashangaa tu kwamba watu hawaingii.

Hata hivyo hatukulala. Tulikaanga chapati za maziwa kwenye kituo cha zimamoto mpaka moshi ukatutoa machozi, na watu wa Marlow wakala, wakalipa zaidi ya walichokula. Fedha yote ya kukomboa imepatikana, na hundi ya benki imo ndani ya mkoba ule mnaouona. Na siku ya mwisho ya kukomboa ni lini? Ni leo.

Kwa hiyo asubuhi nilikuja mapema, nikakuta tangazo mlangoni: ofisi imefungwa kutwa nzima kwa ajili ya sherehe ya kufunguliwa. Nikamgongea karani kwenye kioo.

"Binti yangu, Bi. Odella ameleta malipo."

"Pole, Mkuu. Leo hatupokei watu. Alipe kwenye mtandao."

"Mtandao haupokei malipo ya nyumba ambayo deni lake limekwisha pigwa mnada. Mmeandika wenyewe, ni lazima dirishani."

"Basi aje kesho."

"Kesho nyumba itakuwa ya Yates."

"Mimi nimeagizwa tu, Mkuu. Chukua keki."

Chukua keki! Mjane anapoteza paa lake, nasi tunamwambia ale keki ya anayemnyang'anya! Simlaumu binti huyo; amesema alichofundishwa. Nawalaumu ninyi mlio kwenye viti vyenye mito, mliopanga siku ya muziki na picha bila kumwuliza mtu hata mmoja kama kuna mwenye haja na dirisha. Ofisi ya kodi ni ya nini, kama siyo ya mtu aliyekuja kulipa kodi?

Kuna mengi ya kurekebisha. Mkopo ukiisha, bili iende kwa mwenye nyumba. Jina la mtu litoshe kumtafutia kiwanja chake. Hayo tutayagombania kwenye kikao cha makamishna, na nitakuja na kiti changu mwenyewe. La leo ni moja tu.

Mheshimiwa Hoekstra, ufunguo wa mlango huu unaning'inia shingoni mwako. Bwana Yates anatazama saa yake. Tazama vizuri, bwana, bado ni asubuhi. Mkasi huu wa picha naurudisha mezani. Nina kisu changu cha kazi, ambacho kimeshakata mikanda ya magari yaliyopinduka ili watu watoke wakiwa hai, na utepe hautakishinda. Lakini sikati mpaka nione taa ya dirisha la kwanza inawaka na yule binti ameketi nyuma yake.

Naam. Naona Mheshimiwa amesimama. Asante, mama. Ufunguo mkubwa ndio wa mlango, nadhani.

Taa ile. Inawaka, na binti ameketi.

Basi, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza nikiwa na hasira, maana kwa furaha nisingeyasema haya. Mpiga picha, sogea kidogo, umeziba njia. Bi. Odella, nimeshaukata, utepe huo uko chini. Inua gauni usijikwae. Tangulia.