Sista Ndila Hakutaka Kuita

Wasikilizaji wapendwa, mko salama? Mimi siko. Tangu juzi nimeshindwa kutulia. Leo tunamkumbuka muuguzi Ndila Kisilu wa Kalama. Ndila Kisilu, ambaye wengi wenu hapa Machakos mlimwita tu "sista".

Ndila alizoea kunywa chai akiwa amesimama. Wodini sawa, nani angepata nafasi ya kukaa? Lakini hata nyumbani. Hata siku ya ntheo, ile posa ya Kikamba, ya bintiye Mwikali, wakwe wameleta mbuzi, wageni wameketi, mama mwenye boma amesimama mlangoni na kikombe. Tulimcheka sana.

Aliipenda kazi yake. Halafu wenzake wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyeajiriwa mahali pao. Mwikali aliniambia hivi: "Mum alikuwa anarudi amenuna. Anasema, 'Leo sijauliza mgonjwa hata mmoja jina lake. Nimewaita kwa vitanda.' Hiyo ndio ilikuwa inamuumiza, si miguu."

Wiki iliyopita Ndila aliugua moyo. Akalazwa katika wodi ile ile aliyofanyia kazi. Naomba nirudie: wodi ile ile. Zamu hiyo alikuwepo muuguzi mmoja, Wagaki, msichana ambaye Ndila mwenyewe alimfundisha kazi. Wodi nzima, Wagaki peke yake.

Mchana kifua kikambana. Mwikali akainuka amwite sista. Mama akamshika mkono.

"Wacha kwanza," akamwambia. "Huyo mtoto Wagaki ako na mgonjwa, mama anatokwa na damu kule mwisho. Atakuja akimaliza."

Wagaki alipomaliza alikuja mbio. Ndila alikuwa ameshakata roho.

Nina hasira, sifichi. Simkasirikii Wagaki. Yule mama wa kule mwisho amepona, na ninashukuru. Lakini mbona ilibidi mgonjwa ndiye achague nani ahudumiwe? Wewe mwenye uwezo wa kuajiri, kama unanisikia, hilo swali ni lako. Na sisi wengine, tukiita "sista!" na asije, tuangalie kwanza wako wangapi kabla ya kuwatukana.

Familia ya Kisilu, poleni sana. Mwikali, pole.

Jana Wagaki alifika matangani Kalama, bado amevaa sare. Mwikali akamwekea kiti, akampa chai. Wagaki akashukuru. Chai akainywa akiwa amesimama.