Kadija Arudi Kwenye Picha

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Conrad na wewe Juliet, maana sauti imebaki nusu na sitaki kurudia maneno. Msilie. Nimevaa sare ya askari wa magereza tangu Jinja mpaka hapa Mbale, nimestaafu nikiwa na meno yangu, nimewaona mmekua. Mama yenu ameridhika.

Nyumba hii ya Namatala ni ya Juliet, na asije mjomba yeyote kusema mtoto wa kike harithi, kwani niliijenga mimi. Kibanda cha ngumi kilichoshikana na ukuta huu ni chako, Conrad, pamoja na glavu, mfuko wa mchanga na wale watoto wanaotumalizia uji. Lakini nasikia umeapa picha ya bondia Isabirye haitarudi ukutani. Banange, jamani! Kila mtoto alikuwa akiigonga kwa glavu kabla ya kuingia ulingoni, nami nikiwa kitandani nasikia ngo, ngo, najua siku imeanza. Sasa kimya kitupu, na sitaki kuondoka na kimya hicho.

Sikukatazi hasira. Bingwa wetu wa Jinja alimpiga mkewe Kadija kwa mikono ile ile tuliyoishangilia, akafungwa, na Kadija amelisema mwenyewe redioni. Wewe ulikua ukitembea kama yeye, hata maji ulitema kama yeye, kwa hiyo najua ilikuuma. Iliniuma na mimi, nikalia sokoni mbele ya watu, nyanya mkononi.

Ila nijibu: nani alikufundisha kumwinua uliyemwangusha? Si yeye? Ukilitupa hilo kwa sababu ya makosa yake, wale watoto utawapa nini? Na ukiwaambia alikuwa malaika, siku wakiisikia redio watakuita mwongo. Waambie yote mawili, mchana kweupe, bila kunong'ona.

Juliet, inua godoro, itoe. Tazameni, hii ndiyo picha nzima. Ile ya ukutani fundi wa fremu aliikata upande mmoja ili ienee, na sote tukaona sawa tu. Huyu mwenye ndoo na taulo ni Kadija. Alfajiri, Isabirye akikimbia mitaa ya Jinja, yeye alimfuata kwa baiskeli, akimpigia kengele kila alipolegea. Kule kuamka mapema unakojivunia, Conrad, kulitoka kwa huyu mama.

Juzi nilimpigia simu nikamwuliza, tuitundike au tuichome? Akasema, "Itundikeni, afande, lakini na mimi niwemo. Na watoto wakigonga, waanze kwangu."

Basi chukua nyundo, mwanangu. Itundike chini kidogo, mdogo kuliko wote aifikie. Nenda, usinitazame hivyo, sijafa bado.

Juliet, nishike mkono. Mnizike kwa baba yenu, chakula kiwe kingi, na mtu asihubiri mpaka watu wakasinzia. Mungu awape usingizi mzuri na majirani wema. Msigombane juu ya... juu ya chochote. Nimewapenda sana.

Nyamaza kwanza. Hiyo nyundo... amemaliza.

Ngo.

Umesikia? Hiyo ya Kadija. Subiri... anasita, namjua Conrad wangu, anasita...

Ngo.

Haya. Mwambie... mwambie awaite watoto.