Nguzo na Nyaya za Kirushya

Mgeni rasmi, shikamoo. Wataalamu mliofuatana naye na wananchi wenzetu, karibuni Kirushya. Ninayesoma ni Bonifasia, katibu wa Kamati ya Kivuko. Msomaji alikuwa awe mwenyekiti wetu, Mzee Nyandwi. Kwa nini si yeye, tutafika huko.

TULIKOTOKA
Wataalamu walipokuja mara ya kwanza walituambia zinakuja nguzo mbili ndefu na nyaya nyingi. Sisi tukashangilia umeme. Mama Ildefonsa alinunua balbu gulioni, na wengine tulikata migomba kupisha nyaya. Ndipo wakatucheka, wakasema nyaya hizi hazina umeme, zinashikilia daraja. Tangu hapo, neno la mtaalamu tunaligeuza pande zote kabla ya kulipigia makofi.

MAFANIKIO
Tumepata bango. Ni zuri, hatukatai. Linaonyesha daraja litakalokuwa fahari ya wilaya inayokua, lenye taa za rangi na watu wanaotembea bila haraka. Tumetafuta humo mtu mwenye mkungu wa ndizi kichwani, hatukumpata. Mto wa kwenye bango hauna matete, na ng'ambo yake hakuna kilima. Kilima chetu kimepelekwa wapi? Tunahofia tumebandikiwa daraja la watu wengine.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, wiki ile ile bango liliposimamishwa, mtumbwi wa Ntwari, mvushaji wetu pekee, ulitolewa majini. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu, kupisha ujenzi. Ujenzi hatujauona. Mtumbwi uko juu ya nyasi, kuku wanatagia humo.

Zahanati iko ng'ambo. Nice, binti wa Mama Ildefonsa, aliposhikwa uchungu alizungushwa kwa pikipiki kwa barabara ya mbali, akajifungulia njiani. Mtoto yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini tulikasirika na hasira haijaisha. Mama Ildefonsa ametutuma hivi: "Mwambieni mgeni, bango halivukiki."

MAOMBI
Daraja tunalitaka, pamoja na nguzo zake na nyaya zake. Ila leo ombi letu ni moja: mtumbwi urudi majini kabla hujaondoka, ubaki humo hadi siku daraja litakapopitika. Tukijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, tutauliza kazi gani, na anaifanya nani.

Mwisho, mgeni rasmi, tunaomba utazame ng'ambo. Wale waliosimama juani si watazamaji, ni nusu ya kijiji chetu. Yule mzee mwenye koti, anayekupungia kofia, ndiye mwenyekiti wetu. Ameamka mapema, amevaa vizuri, na hotuba yako hataisikia.

Mungu akulinde barabarani, na sisi atulinde majini, tukirudishwa humo.

Ni sisi, wananchi wa Kirushya,
wa huku na wa ng'ambo.