Kihausa cha Shilingi Kumi

— Shilingi kumi za maneno? Gamaliel alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Ndugu Spoku, tangu lini maneno yakapimwa kwa kilo?

Spoku ndilo jina walilompa Karugendo, fundi baiskeli wa Kibeta. Benchi la mbele ya banda lake alilipiga misumari mwenyewe, na kwa miaka mingi mtu wa kusikilizwa hapo alikuwa yeye, maana alirudi vitani Burma na Kihausa alichokiokota kwa askari wa Naijeria, bila mwalimu wala kitabu. Mwezi uliopita Gamaliel, muuza ngozi, alimwomba amfundishe, apate kupatana bei na Bashiri, Mhausa mnunuzi anayetokea Kampala. Wakapasua buni moja, kila mtu akatafuna nusu, kama Wahaya wanavyofunga patano. Shilingi kumi. Gamaliel hajalipa hata senti, na leo ndiye anayefundisha, na benchi zima limempa mgongo Karugendo.

— Sikiliza, Lameki, Gamaliel aliendelea. Mtu kwanza, kitendo, halafu kitu. *Na sha kofi*: nimekunywa kahawa. Ukitaka kesho, kitendo hukigusi. *Zan sha kofi.* Kitendo ni ekseli ya gurudumu, kimetulia. Kinachozunguka ni kile cha mbele yake.

Ekseli! Mfano wa ekseli aliutoa Karugendo alipomfundisha, kwa mikono yake yenye grisi.

— Na mke wangu je? aliuliza Lameki, mmoja wa wanywaji kahawa wa benchini.

— Mwanamume *ya sha*, mwanamke *ta sha*.

— Waitu! Wahausa hawana maficho! Mimi nikisema "amekuja", nyumbani hawajui ni mwanamume au mwanamke.

Benchi likaangua kicheko. Kicheko kile zamani kilikuwa cha Karugendo.

— Tulitafuna buni, Gamaliel! Karugendo alifoka.

— Buni ni kahawa, alidakia Lameki, ambaye tangu Azimio la Arusha hana jibu jingine. Na kahawa yote ni ya ushirika. Kwa hiyo patano lenu ni la ushirika.

— Basi nikadai ushirika?

— Ujaze fomu. Na elimu nayo ni ya umma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana sisi hatukusifu.

— Na cherehani ya mkeo ni ya umma? Nije nishone suruali?

— Usichanganye mambo, tata, mzee wetu. Ile ina risiti.

Hapo akatokea Bashiri mwenyewe, anasukuma baiskeli yenye pancha. Gamaliel akaruka wima kama koplo:

— *Malam ya zo! Zauna! Sha kofi!*

Bashiri akaketi, akacheka taratibu.

— Bwana amekuja, akae, anywe kahawa. Nimekuelewa, ndugu yangu. Ila unaniamrisha kama sajini. Mjomba wangu aliyepigana Burma ndiye husema hivyo. Nani amekufundisha?

Lameki akachungulia ndani ya kikombe chake. Karugendo alisubiri, spana mkononi. Laiti jina lake lingetajwa wakati ule, mbele ya Mhausa mwenyewe, pengine fedha angeisamehe.

Gamaliel alijikohoza.

— Nimejifunza mwenyewe.

Karugendo akaweka spana chini, akanyoosha kiganja mpaka chini ya pua ya Gamaliel.

— Shilingi kumi. Sasa hivi.