Mita Mia Nne za Shemeji Yangu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mume wa dada wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome ingawa inajua vizuri kwamba mimi na yeye tumebishana miaka thelathini na tano na ushee, basi mnivumilie.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza darasa la kwanza mwaka 1963, na mama yake alisimulia kwamba siku ile alirudi hajui herufi hata moja, ila anajua ni hatua ngapi kutoka nyumbani hadi shuleni. Alisomea upimaji wa ardhi, akahitimu Novemba 1978, akaajiriwa Januari iliyofuata katika ofisi ya ramani, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 23 Aprili 1983 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na wote, tunashukuru, wamerithi akili za mama yao.

Jumamosi ya tarehe 6 Juni 1987 yalifanyika mashindano ya wafanyakazi, mbio za kilomita tano, mimi karani wa posta nikawa wa tatu, yeye wa nne, na Jumatatu akatokea pale kaunta na lile gurudumu la kupimia barabara, akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba nilikatiza katika ua wa karakana ya magari, nikapunguza mita mia nne. Nikakana katakata. Jumapili nikamfuata kwake tumalize ubishi, mlango akafungua dada yake, na jamani, nikasahau nilichokwenda kusema.

Tangu hapo tulikimbia pamoja kila asubuhi, hadi magoti yalipogoma tukawa watu wa kutembea, yeye akinisuta kila tukifika lango la karakana, mimi nikikana, na majirani wakaanza kuandamana nasi, wakiongozwa na fundi bomba, eti kwa ajili ya afya, kumbe wanakuja kusikiliza kesi.

Septemba 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Machi 2023, na kila nilipomtembelea aliniambia shemeji kiri, nife nimeshinda, nami nikamjibu hunipati ng'o, inuka tubishane, naye akainuka, akajikongoja hadi dirishani, siku nyingine hadi mwisho wa korido. Mke wangu alinisihi nikubali, nimpe mgonjwa raha, nikakataa, nikaonekana nina roho mbaya, lakini niliogopa, maana kilichokuwa kinamtoa kitandani ni huo ubishi tu. Nikakana hadi Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa tatu asubuhi, nilipofika nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kelele zetu wodini, majirani ambao hamjatuacha tangu Jumanne, na wenzake wa ofisi ya ramani, mliotufanyia mengi kuliko tulivyoweza kuomba.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi. Shemeji, nilikatiza. Lango lilikuwa wazi, nikasikia pumzi zako nyuma yangu, nikaingia. Wa tatu ulikuwa wewe. Ningekwambia mapema, ila nilikutaka hai kuliko nilivyotaka kuwa mkweli. Pumzika kwa amani, rafiki yangu, umeshinda.