Fundi Bado na Ukuta wa Sebule ya Shemeji

Ndugu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, familia imeandaa maneno machache juu ya safari ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Bado, na kwa kuwa aliishi karibu miaka ishirini na mitano akinong'onwa, inaomba leo asemwe kwa sauti, ili tusimzike na doa lisilo lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwashi na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akisifiwa kwa hesabu na kulaumiwa kwa maswali, maana mwalimu wake wa mwisho aliandika katika ripoti kwamba mtoto huyu haamini jibu hata likiwa lake mwenyewe.

Mwaka 1973 alianza kujifunza ufundi wa rangi, na mwaka 1978 akaajiriwa katika matengenezo ya majengo ya hospitali, alikodumu miaka kumi na miwili kabla ya kujitegemea. Katika mji ambao mvua hunyesha miezi saba, na mitano iliyobaki hewa hukaa mbichi kama nguo iliyokamuliwa nusu, alitambua kwamba adui wa rangi si jua bali ni maji yaliyojificha, basi hakuuamini ukuta wowote kwa kuutazama. Aliusugua ukungu kwa maji ya klorini, akausuuza, akausubiri, kisha akabandika kipande cha nailoni juu ya plasta, akakiziba pande zote nne kwa utepe, akakiacha siku mbili, na kama kilitoka kikavu alipaka, kama kilitoka na matone kwa ndani alimwambia mwenye nyumba neno moja tu, "Bado," nalo likawa jina lake. Wenzake walimtania, "Na huyo mchumba, fundi, utambandika nailoni kwanza?" naye akawajibu, "Yeye ndiye aliyenibandika mimi, na majibu hajatoa."

Majibu yalitoka Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, walipofunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1986, mwana mwaka 1989, na kitinda mimba mwaka 1993.

Mwezi Juni 1999 shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, alimaliza kujenga nyumba, akampa kazi ya kuipaka, naye akaenda na msaidizi aliyefanya naye kazi kwa miaka tisa, fundi mrefu aliyeitwa Ngazi. Shemeji alikuwa amekwisha kuwatangazia wageni siku ya kuhamia, na kila asubuhi alisimama mlangoni akiuliza, "Shemeji, huo ukuta unautibu au unaupaka?" Ukuta wa sebule ukabandikwa nailoni, siku ya pili mafundi wakaenda kununua msasa, waliporudi wakaibandua, ikawa kavu kabisa, wakapiga praima na mikono miwili ya rangi ya krimu, na shemeji akahamia kwa shangwe. Mwaka haukwisha, ukuta ukafura malengelenge, rangi ikababuka kama ganda la kitunguu, na ukungu mweusi ukapanda kutoka sakafuni hadi kimo cha mtoto.

Hapo shaka ikabisha hodi, ikakaribishwa na kila mtu. Shemeji alisema mbele ya ukoo kwamba rangi yake ilizimuliwa kwa maji, na iliyobaki ikaishia kwenye kuta za fundi, na kwa kuwa sebule ya marehemu nayo ilikuwa ya krimu, tena haikubabuka, watu wakasema lisemwalo lipo. Mama mkwe alikuja kuwajulia hali wajukuu, akaonekana akiukwangua ukuta kwa ukucha, wenye nyumba wakaanza kuchovya vijiti katika ndoo za fundi kabla hajapaka, na mkewe akawa hana pa kuegemea, kwa kaka ni mke wa mwizi, kwa mume ni dada wa mzushi.

Marehemu alijua kwamba yeye hakuzimua, na hapo ndipo shaka ilipomrudia, kwa sababu siku ile aliyekoroga rangi alikuwa Ngazi. Alimuuliza mara moja tu, mbele ya mafundi wengine, "Ngazi, uliongeza maji?" na Ngazi akajibu, "Kaka, ukishauliza hivyo umeshajijibu," akaweka brashi chini, asirudi tena. Tangu hapo marehemu alifanya kazi peke yake, akibandika nailoni mbili, kisha tatu, akikaa juu ya kigoda kuzilinda kama mtu alindaye maziwa motoni, asijue anazilinda dhidi ya nani.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuugua kifua, na tarehe 22 Aprili 2024 akalazwa. Jumapili, tarehe 12 Mei, shemeji alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakiri mbele ya dada yake kwamba mafundi walipokwenda kununua msasa aliibandua nailoni ile, akaifuta kwa leso, akairudisha kwa utepe uleule, kwa kuhofia kuaibika mbele ya wageni, na baadaye uongo ukamzidi ukubwa. Marehemu akauliza, "Ilikuwa na matone mengi?"

"Ilikuwa inatiririka, shemeji."

"Basi ukuta ulisema kweli," akasema, na machozi yakamtoka. "Na Ngazi naye alisema kweli, nilikuwa nimeshajijibu. Niitieni Ngazi."

Ngazi alipata habari Jumatatu, katika mji wa mbali anakofanyia kazi, akapanda basi la alfajiri siku iliyofuata. Marehemu alifariki Jumanne hiyo, tarehe 14 Mei 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na Ngazi akafika saa kumi na moja jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupokea mizigo ya siku hizi, mafundi wenzake waliofunga kazi ili wawe nasi, na shemeji, aliyeomba kosa lake lisomwe bila kulainishwa. Nawe Ngazi, uliyeshika jeneza upande wa kichwani tangu asubuhi, pokea maneno aliyoyaacha kwa ajili yako, kama alivyoyatamka, "Mwambieni nilimshuku bure, na mniseme mbele za watu, kwani nilimshuku mbele za watu."

Mume wetu, baba yetu, fundi wetu, salamu zako zimefika, pumzika sasa kwa amani.